Diski Iliyofunguka Upesi Mno

Mwanamke yule alikuwa kwenye benchi la kituo tangu asubuhi, chombo cha chakula kimefungwa kwa kitambaa na kuwekwa mapajani. Koplo wa kaunta alifungua kitabu cha wageni na kumwuliza swali lile lile alilomwuliza jana na juzi.

"Uhusiano wako na mahabusu?"

"Mimi ni dada wa marehemu."

"Mama, nimeuliza mahabusu."

"Nimekusikia, baba. Nimekujibu ninachoweza."

Koplo hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtumwa wa kitabu chake. Nafasi ya uhusiano ikibaki wazi, chakula hakipiti. Akaiacha wazi kama alivyoiacha siku zilizopita, akafunga kitabu. Mwanamke akakaza fundo la kitambaa na kubaki pale pale.

Inspekta aliyepita nyuma yake aliyasikia yote. Kituo kizima kilimwita Sindano, kwanza kwa wembamba wake, pili kwa sababu akikuuliza jambo unakuja kulihisi baadaye. Hakusimama. Angesimama amwambie nini? Boila ya kiwanda cha sabuni ilipasuka na kumwua kaka wa mwanamke huyu, na aliyekuwa zamu ya kuiendesha ni mume wa mwanamke huyu huyu. Kengele ya presha haikulia. Kuna mtu aliizima kwa makusudi kupitia kompyuta, na kwa kuwa mwendesha boila ndiye aliyekuwa amekaa mbele ya kompyuta, ndiye aliyelazwa mahabusu. Alasiri hii angefikishwa mahakamani kusomewa shtaka la kumwua shemeji yake. Kilichotakiwa ni jina la aliyezima kengele, na jina hilo lilikuwa ndani ya diski moja tu.

Na diski yenyewe ilikuwa imegoma.

"Haifunguki, afande," alisema fundi wa maabara ya kompyuta, ambaye wote walimwita Miwani hata siku alizoisahau nyumbani. Maabara yake ilikuwa stoo ya zamani ya sare, na mpaka leo ilinuka dawa ya nondo. "Tazama mwenyewe. Skrini nyeusi na mstari mmoja. Inasema hakuna diski ya kuanzia."

"Si hiyo hapo imechomekwa?"

"Ipo. Kompyuta haioni."

"Nieleze kama unavyomweleza mama yako."

Miwani akazungusha kiti. "Kompyuta inayoongoza boila haina mwili wake wenyewe. Ni mashine pepe, kompyuta inayoishi ndani ya kompyuta nyingine. Chukulia ni mpangaji, na ile seva ya kiwandani ndiyo nyumba yake. Nyumba ilimwagiwa maji na zimamoto, ikafa usiku ule, lakini kabla haijafa waliwahi kunakili diski ya mpangaji iwe faili moja. Ndiyo hii. Sasa mimi hapa nina nyumba ya aina nyingine. Milango haiko ilipokuwa, swichi haziko zilipokuwa. Mpangaji anaingia gizani, anapapasa ukuta, hapati taa, anakaa chini."

"Au kaletwa akiwa maiti."

"Inawezekana. Faili likiharibika wakati wa kunakiliwa, dalili ni hizi hizi."

"Nani alilinakili?"

"Mtaalamu wa kiwanda. Wanamwita Mama Waya."

Sindano alikuwa ameshafika mlangoni. "Endelea kupapasa naye," alisema.

Kiwanda kilinuka usafi kupita kiasi, na hilo lilimkera. Povu lilikuwa limekaukia sakafuni, na upande ulipokuwa ukuta wa chumba cha boila palitundikwa turubai lililopigwa na upepo. Meneja wa uzalishaji alimpokea getini, shati limenyooshwa, uso wa mtu aliyefiwa na ndugu wa mbali.

"Afande, ile diski imesaidia?"

"Bado."

"Bado?" Akasimama. "Niliileta kwa mkono wangu mwenyewe."

"Kesho yake. Ulikabidhiwa jioni."

"Jioni ile nilikuwa hospitalini na majeruhi. Nililala nayo nyumbani, kabatini, kama mtoto mchanga. Kama kuna kasoro muulizeni Mama Waya. Mimi na kompyuta ni paka na maji, hata simu yangu ananitengenezea binti yangu."

Mama Waya walimkuta kwenye chumba kidogo, amepanga vipande vya seva mezani mbele ya feni kama mtu anayeanika nguo za marehemu. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya chini na waya mfukoni. Meneja alitaka kubaki. Sindano alimfungulia mlango akausimamia mpaka akatoka.

"Umetupa faili bovu," alisema mara tu mlango ulipofungwa.

Mama Waya akaumia wazi wazi. "Bovu? Mmeliweka kwenye chombo gani, programu gani ya mashine pepe?"

"Cha maabara yetu. Halioni hata diski."

"Basi si bovu. Lazima ligome!" Akavuta kiti. "Mashine ile ni ya zamani, afande, mfumo wake tumeuachia hivyo kwa sababu boila haipendi mambo mapya. Diski yake siku zote imeunganishwa kwa njia moja tu, sisi tunaita skazi. Ndiyo lugha pekee anayoijua. Huyo wenu kamwekea njia mpya kabisa, hata kuamka hawezi."

"Kuna njia nyingine?"

"Kuna sata, kompyuta nyingi zinatumia hiyo. Ukimweka kwenye sata ataanza kidogo, halafu skrini ya bluu, anaanguka. Wekeni skazi, kama hapa. Atasimama mwenyewe."

"Na mtu akitaka lazima asimame kwenye sata?"

"Itabidi aingie ndani kwanza, aiamshe programu ya sata iliyolala. Mimi sijaiamsha. Nilizima mashine, nikanakili vile vile ilivyo, nikampa meneja."

"Kwa nini hukuileta mwenyewe?"

Mama Waya alifuta kipande kimoja kilichokuwa kimeshakauka. "Alisema ataleta yeye. Aliniambia, nenda kapumzike, dada. Miaka yote niliyofanya kazi hapa hajawahi kuniita dada."

Simu ya Sindano ililia kabla hajavuka geti. Alikuwa Miwani, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeokota dhahabu.

"Imefunguka, afande! Njoo uone. Mkuu yuko hapa."

Mkuu wa kituo alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Miwani, mikono mgongoni, tumbo mbele, ameridhika. Kwenye skrini ilionekana picha ya boila na geji zake, na chini yake safu ya matukio.

"Nimeachana na chombo chetu," Miwani alieleza. "Nikachukua kile cha bure ambacho wanafunzi hujifunzia. Nimechomeka diski, nimebonyeza, kaamka. Soma hapa."

Sindano alisoma. Kengele ya presha imezimwa. Mtumiaji: mwendesha boila.

"Basi," alisema Mkuu. "Andikeni ripoti, jalada liende mahakamani. Na yule mama benchini mwambieni aende nyumbani, anawahuzunisha watu."

Akatoka na viatu vyake vizito. Sindano hakuinuka. Aliutazama mstari ule mpaka Miwani akaanza kukohoa.

"Kuna nini, afande?"

"Diski umeiunganisha kwa skazi au sata?"

"Sikugusa kitu. Chombo hiki usipokiambia, huweka sata chenyewe."

"Ikaanguka? Skrini ya bluu?"

"Wapi! Kaamka kama mtoto siku ya safari ya shule."

Sindano akafunga mlango, akamweleza maneno ya Mama Waya yote, neno kwa neno. Alipomaliza, Miwani alikuwa amevua miwani na kuishika mkononi.

"Kumbe mimi nilifurahi kijinga," alisema polepole. "Mpangaji kaingia nyumba ngeni gizani, kanyoosha mkono moja kwa moja kwenye swichi."

"Maana yake nini?"

"Kashawahi kulala humu. Kuna mtu aliifungua diski hii kwenye chombo kama hiki kabla yangu. Ilimwangukia, akaiamshia sata, akaingia ndani, akafanya alilofanya, akairudisha katika umbo la kiwandani. Halafu ndiyo tukaletewa."

"Nionyeshe alama zake."

Miwani alichimba kwa muda mrefu. Alifungua, akafunga, akang'ata ukucha. Mwishowe akatikisa kichwa. "Kafagia mpaka kwenye kona. Programu ya sata iko macho, lakini tarehe zake kazivuruga. Wakili atasema iliamshwa miaka iliyopita na Mama Waya kasahau. Itabaki neno la huyu dhidi ya neno la yule."

"Na Mama Waya naye aliishika diski."

"Unamshuku?"

"Namshuku kila aliyeishika, na ni wawili tu." Sindano alisimama kuitazama saa ya ukutani. Gari la mahabusu lilikuwa limeshaegeshwa uani, dereva akijipepea kwa kofia. Jina la mwendesha boila lilikuwa kwenye skrini, na mtu yeyote mwenye macho angelisoma. Ilimwuma kwamba yeye mwenyewe, kama asingepita kiwandani, angeshatia saini. "Lakini sikiliza. Aliyeichezea diski anajua jambo moja ambalo mwingine halijui. Anajua kwamba sasa hivi inakubali sata. Mama Waya sikumfundisha cha kujibu, na alisema skazi, akaapa kwamba sata itaanguka. Tumsikie wa pili."

"Yule anayesema yeye na kompyuta ni paka na maji?"

"Huyo huyo. Wewe uvae ujinga. Unaweza?"

"Afande, nina kaka watano wakubwa. Nimeuvaa tangu utotoni."

Sindano alimpigia meneja mwenyewe. Alimwambia kwa sauti ya kuchoka kwamba diski imewashinda, kwamba isipofunguka kabla ya alasiri hakimu atamwachia mwendesha boila, na kwamba hapo upelelezi utaanza upya, tangu swali la nani aliagiza boila isukumwe kiasi kile. Kisha akaenda kwa Mkuu kuomba hati ya upekuzi, akapewa kwa shingo upande.

Meneja alifika chai ya Miwani haijapoa.

"Nimekuja kama raia," alisema akiketi. "Sijui nitasaidia nini, ila mwenye haki apate haki yake."

"Kaa hapo, mzee," alisema Miwani. "Wewe umeiona mashine ikifanya kazi, labda utatambua kitu."

Chombo cha bure kilikuwa wazi kwenye skrini, diski imeondolewa mahali pake. Miwani alianza kuhangaika. Aliongeza kumbukumbu, akapunguza. Alibonyeza, ikaja skrini nyeusi. Akasonya, akafungua ukurasa wa sauti, akaongeza sauti.

"Sauti ya nini?" meneja aliuliza.

"Labda inasema tatizo."

Sindano, aliyekuwa dirishani, aliitazama bustani ya kituo ambayo haikuwa na ua hata moja. Nyuma yake alisikia kiti cha meneja kikisogea. Hakuna mateso kama kumtazama mtu akipapasa kitu unachokijua, na meneja alikuwa anayapata yote. Miwani alibonyeza tena. Nyeusi. Akaandika jambo, akalifuta, akauliza kama kiwandani kulikuwa na mtu anaitwa Mfumo.

"Si huko," alisema meneja.

"Wapi?"

"Sijui, mimi naona tu... hapo penye diski. Hapana, chini. Chini yake! Diski hujaiunganisha, itaamkaje?"

"Ahaa. Naiunganisha na nini? Kuna orodha hapa. Skazi?"

"Achana na skazi. Weka sata."

"Sata?"

"Weka sata, ndugu yangu, muda unakwenda!"

Miwani aliweka sata, akabonyeza. Mashine ikaamka bila kigugumizi, geji za boila zikatokea moja baada ya nyingine. Meneja alishusha pumzi iliyosikika chumba kizima.

"Loo, sasa panya amenasa ndani," alisema Miwani akivuta kipanya huku na huku. "Hatoki."

Mkono wa meneja ukapita mbele ya kifua chake, ukabonyeza kitufe kimoja cha upande wa kulia wa kibodi, na mshale ukatoka kwenye dirisha. Mkono ule ulikuwa umesharudi gotini kabla mwenyewe hajajua kwamba ulitoka.

Feni ilizunguka.

"Paka ameogelea vizuri," alisema Sindano.

Meneja aligeuka. "Nini?"

"Nani alikwambia sata?"

"Mafundi... wanaongea. Mtu husikia."

"Fundi wako ni mmoja. Anasema skazi. Anasema kwenye sata mashine hii lazima ianguke, na ingeanguka kweli kama hii ingekuwa diski aliyoinakili yeye. Anayejua kwamba sasa inakubali sata ni yule tu aliyeifundisha."

"Nilibahatisha."

"Anayebahatisha angebahatisha ile ya kiwandani. Na kitufe nacho ulibahatisha?"

Meneja aliutazama mkono wake kama wa mtu mwingine. "Binti yangu," alianza, "binti yangu ana kompyuta..."

"Usimwingize binti yako," Sindano alimkata, na hapa sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Umeshamwingiza ndani baba wa watu, inatosha. Laptopu yako iko wapi?"

"Nyumbani."

Koplo wa kaunta alichungulia mlangoni. "Iko kiti cha nyuma cha gari lake, afande. Nimeiona kupitia kioo."

Sindano akaiweka hati ya upekuzi mezani, akaigeuza ili meneja aisome vizuri.

Miwani alipoifungua laptopu, chombo kile kile cha bure kilikuwamo, na ndani ya folda moja diski mbili zenye ukubwa unaokaribiana. Alicheka kwa puani, kicheko kisicho na furaha.

"Hakuifuta ya kwanza."

"Kwa nini?" Sindano aliuliza.

"Woga. Hakuna anayefuta nakala ya kwanza kabla ya ya pili kukubaliwa. Leo ingekubaliwa mahakamani, kesho angeifuta."

Alitengeneza nakala ya ile diski ya kwanza ili asiiguse yenyewe, akaiunganisha kwa sata. Ikaanza kidogo, ikayumba, skrini ikawa bluu, ikaanguka, kama Mama Waya alivyosema. Akabadilisha, akaweka skazi. Ikasimama. Miwani akashuka kwenye safu ya matukio, akasoma kwa sauti.

"Kengele ya presha imezimwa. Kituo cha kazi: ofisi ya meneja wa uzalishaji."

Meneja alikuwa ameinamisha kichwa. Aliposema, hakusema na mtu.

"Ilikuwa inalia kila mara. Presha inapanda kidogo tu, inalia, kazi inasimama. Tulikuwa na oda ya kumaliza. Nilisema niizime kwa muda mfupi, nitaiwasha. Sikujua kuna mtu chini ya boila."

"Wewe hukutakiwa kujua," alisema Sindano. "Kengele haikuwekwa kwa ajili yako. Iliwekwa ili yule wa chini aisikie akimbie."

Koplo alimshika meneja mkono, wakatoka. Uani dereva wa gari la mahabusu aliambiwa azime injini.

Mwanamke alikuwa bado kwenye benchi. Sindano alikaa kando yake, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya na mgeni yeyote.

"Kengele ilizimwa kutoka ofisi ya meneja," alisema. "Mumeo hakuigusa. Hakuwa na habari kwamba imezimwa. Alikuwa anaisubiri ilie kama kaka yako alivyoisubiri."

Mwanamke hakulia. Alilegeza fundo la kitambaa, akalifunga tena.

"Siku ya mazishi aliomba aletwe, chini ya ulinzi," alisema. "Mkuu wenu alikubali. Mimi ndiye niliyekataa. Nilisema mkono wake usiguse udongo wa kaka yangu. Wamemfikishia maneno hayo, afande?"

"Wamemfikishia."

"Na alisemaje?"

"Alisema una haki."

Mwanamke akafumba macho. Alikaa hivyo mpaka Sindano akadhani hatainuka leo, halafu akainuka. Akaenda kaunta, chombo mikononi. Koplo alikuwa amesharudi nafasi yake, akakifungua kitabu cha wageni na kushika kalamu.

"Uhusiano wako na mahabusu?"

"Mke wake," alisema mwanamke. Akainama, akaweka kidole juu ya mistari ya juu iliyobaki wazi. "Na hapa pa jana, na pa juzi, jaza pia."